Mbung'o aliyeondoka, kunguru aliyebaki

Mtoto wa Unguja mwenye miaka kumi anamjua kunguru kuliko ndege mwingine yeyote. Anamuona alfajiri kwenye waya wa umeme, anamuona mchana akichokoa mifuko ya taka, na jioni anaona makundi kwa makundi yakielekea kulala kwenye mikungu na miembe. Bibi yangu alikuwa akifuga kuku, na kila vifaranga vilipoanguliwa ilibidi mjukuu mmoja akae uani na fimbo tangu asubuhi. Kunguru walikuwa wakija wawili wawili: mmoja humchokoza kuku mpaka akamfukuza, mwenzake hushuka nyuma na kubeba kifaranga. Sasa muulize mtoto huyohuyo mbung'o ni mdudu gani. Hajui. Hajawahi kumuona, na kama mwalimu wake alizaliwa baada ya 1996, naye hajawahi kumuona kwenye kisiwa hiki.

Wote wawili walipigwa vita hapahapa, katika muongo mmoja. Miaka ya 1990 Zanzibar ilikuwa na kampeni ya kumaliza mbung'o, nzi anayenyonya damu na kueneza ugonjwa kwa mifugo, na kampeni ya kumaliza kunguru, kila moja ikiwa na wafadhili wa nje na wataalamu walioijua kazi yao. Ya kwanza ilifika mwisho. Ya pili iliwapunguza kunguru wa mjini kiasi ambacho wakaazi wa wakati ule waliona tofauti kwa macho, kisha fedha zikakatika na ndege wakarudi. Halafu yupo adui wa tatu, malaria, ambayo Zanzibar imekaribia kuimaliza zaidi ya mara moja na kila mara imesimama tena.

Nimejiuliza kwa muda mrefu inakuwaje kisiwa kilekile, chenye watu walewale, kikapata matokeo matatu yasiyofanana. Jibu linalosikika kwenye mikutano ni fedha na utashi wa viongozi. Silikatai, ila haliniridhishi, kwa sababu fedha na utashi vilikuwepo mwanzoni mwa kampeni zote tatu. Nimefikia kuamini kwamba tatizo limekaa mahali ambapo hatupaangalii: silaha inayowaua maadui wakiwa wengi, mara nyingi sana, haiwezi kuwamaliza wakibaki wachache. Kampeni huanza na silaha ya kwanza, huipenda kwa sababu inaleta takwimu nzuri, na hufika ukingoni ikiwa haina ya pili.

Nianze na mbung'o, maana hapo somo liko wazi.

Unguja ilikuwa na mbung'o wa aina moja tu, ambayo wataalamu wanaiita Glossina austeni. Hakuwa akileta malale kwa binadamu hapa, lakini ng'ombe alikuwa akiwamaliza kwa ugonjwa wa nagana. Mnyama hupata homa inayokwenda na kurudi, hukonda huku majani yapo, hutupa mimba, maziwa hukauka. Kwa mfugaji mwenye ng'ombe wawili au watatu hilo ni pigo la ada ya skuli na chakula cha nyumbani kwa pamoja. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe walimwagiwa dawa mgongoni na mitego yenye dawa ikawekwa maporini. Mbung'o walipungua sana. Hawakuisha, kwa sababu kwenye misitu, Jozani hasa, walikuwa na paa na nguruwe mwitu wa kuwanyonya, na nguruwe mwitu hapelekwi kumwagiwa dawa.

Mwaka 1994 ukaanza mradi ulioungwa mkono na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Mbung'o walifugwa kwa wingi Tanga, wakilishwa damu kupitia utando uliofanywa mfano wa ngozi. Madume yalipigwa mionzi ya gama mpaka yakawa tasa, kisha ndege ndogo ikayamwaga juu ya kisiwa wiki baada ya wiki. Kufikia mwisho wa 1997 yalikuwa yamemwagwa madume zaidi ya milioni 8. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, hivyo likishakutana na dume tasa, uzazi wake umekwisha hapo.

Hesabu yake inastahili kuangaliwa polepole. Tuseme porini kuna madume halisi 1,000 nawe ukamwaga tasa 1,000. Jike lina nafasi nusu kwa nusu ya kukutana na dume zima. Wiki zinapita, madume halisi yanabaki 10, nawe bado unamwaga 1,000. Sasa jike litampata wapi dume zima? Mtego na sumu hufanya kinyume chake. Siku ya kwanza mtego unajaa, siku ya mia unanasa mmoja, na huyo wa mwisho utamtafuta kwa gharama ya mia wa mwanzo. Dume tasa lenyewe ndilo linalotafuta. Linaingia kwenye kichaka ambacho hakuna mtumishi wa serikali atakayeingia, likilitafuta jike moja lililobaki, na kadiri majike yanavyokuwa machache ndivyo kazi yake inavyozidi kuuma. Dawa na mitego ilipunguza, madume tasa yakamaliza. Mbung'o wa mwisho wa asili alinaswa Septemba 1996.

Zawadi nyingine mbili zilitoka kwa mdudu mwenyewe na kwa jiografia, na si haki kuzificha. Mbung'o huzaa kwa uvivu wa ajabu kwa mdudu: jike hutoa buu moja tu kila baada ya siku tisa au kumi hivi, wakati mbu hutaga mayai mengi kwa mkupuo mmoja. Pia kati ya Unguja na bara kuna bahari ya zaidi ya kilomita 30, na mbung'o havuki bahari. Ndiyo maana sikushawishika sana viongozi wa Afrika walipokutana Lomé mwaka 2000 na kuamua mbung'o atokomezwe bara zima. Eneo lake barani linakadiriwa kufika kilomita za mraba milioni 10. Unguja haifiki 1,700. Ushindi wa kisiwa ulichukuliwa kama kipimo cha bara, na bahari, iliyofanya nusu ya kazi, ikasahauliwa.

Kuna jambo jingine ambalo halisimuliwi sana. Baada ya yule mbung'o wa mwisho kunaswa, kazi haikusimama. Kwa zaidi ya mwaka madume tasa yaliendelea kumwagwa, na watu waliendelea kuingia Jozani kukagua vibao vya buluu na vyeupe vilivyopakwa gundi, wakirudi mikono mitupu. Walilipwa kwa kutokuta kitu. Hiyo ndiyo sehemu ya mradi ninayoiheshimu kuliko ndege na mionzi.

Kunguru ana hadithi nyingine kabisa. Wahenga walisema kunguru hafugiki, lakini Waingereza walimleta kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 wakiamini atausafisha mji kwa kula mizoga na taka. Haikupita miaka 30 serikali hiyohiyo ikawa inatoa malipo kwa mayai na makinda yake. Malipo ya namna hiyo yana kasoro moja kubwa: yanalipia wingi. Mtu anayeishi kwa kuuza mayai ya kunguru hana sababu ya kutamani kunguru waishe, na ndege wakianza kuwa adimu, kupanda mnazi mrefu kwa ajili ya kiota kimoja hakulipi tena. Kila anayekumbuka utoto wake shambani anajua ni nani hubaki baada ya watoto kuchuma maembe ya chini.

Kampeni ya miaka ya 1990 ilitumia sumu na mitego. Dar es Salaam ilifanya kama hivyo baadaye, kuanzia 2010 hivi hadi 2013, na waliousimamia mradi walihesabu kunguru zaidi ya milioni moja waliokufa. Sumu yenyewe ilikuwa nzuri kwa maana ya kitaalamu: inafanya kazi polepole, ndege hula chambo, huruka, hufa saa kadhaa baadaye mbali na hapo, na wenzake hawaunganishi kifo na chakula. Kwa miezi ya mwanzo ni silaha ya kutisha. Lakini chambo hufanya kazi pale kunguru wanapokuja kwa makundi. Wakishabaki wachache, waliotawanyika kutoka Mbagala hadi Bunju, unalazimika kuweka nyama kila mahali kwa ajili ya ndege wawili hapa na watatu pale, huku ukihakikisha ndege wengine hawaili. Waliobaki ndio wenye hadhari zaidi. Hapo ndipo mradi ulipohitaji watu wa kufuata kiota kimoja kimoja, na hapo ndipo fedha zilipokwisha. Kunguru hawana uvivu wa mbung'o. Misimu michache ya kutaga, waya zikajaa tena.

Wala bahari haikusaidia. Kunguru huyu anasafiri melini. Ndivyo alivyoenea bandari hadi bandari kuzunguka Bahari ya Hindi, akijilisha mabaki ya jikoni mwa mabaharia. Ukimmaliza Unguja ukamwacha Dar es Salaam na Mombasa, hujafunga mlango.

Nirudi nyuma kidogo kwenye magonjwa mawili tu ambayo binadamu ameyafuta duniani, kwa kuwa yote mawili yalimalizikia kwenye upande wetu wa Afrika.

Ndui ilianza kupigwa kwa chanjo ya wote. Lengo lilikuwa kuchanja watu wengi iwezekanavyo, asilimia 80 na zaidi, na nchi nyingi zilifika huko na ndui ikabaki. Kilichoimaliza ni kubadilisha mwendo: acha kuhesabu waliochanjwa, anza kuwatafuta wagonjwa. Kila mgonjwa akipatikana, wachanje wote wanaomzunguka, kisha wanaowazunguka hao. Njia hiyo ilijaribiwa mashariki ya Nigeria kuanzia mwishoni mwa 1966, kwa sababu chanjo haikutosha kila mtu. Mgonjwa wa mwisho wa ndui ya asili alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merka, Somalia, Oktoba 1977. Alikuwa amelisindikiza gari lililobeba watoto wawili wagonjwa, safari ya dakika chache tu. Hakuwa na chanjo ingawa alifanya kazi hospitali, kwa kuwa aliogopa sindano. Mtu mmoja aliyekwepa, ndani ya taasisi ya afya, baada ya miaka kumi ya kampeni kubwa kuliko zote.

Kinachonigusa zaidi ni zawadi iliyotangazwa mwaka uliofuata. Shirika la Afya Duniani liliahidi dola 1,000 kwa yeyote atakayeripoti mgonjwa wa kweli wa ndui. Malipo yalipanda wakati wagonjwa wakiisha. Linganisha na mayai ya kunguru.

Sotoka nayo ilikuwa na mafunzo yake, tena ya uchungu. Ugonjwa huo uliposhuka Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 uliwaangamiza ng'ombe, na njaa iliyofuata Wamaasai wanaisimulia hadi leo. Chanjo bora ilipatikana Muguga, Kenya, kwenye maabara ya Walter Plowright na wenzake. Kati ya 1962 na 1976 ng'ombe wa Afrika walichanjwa kwa mamilioni na sotoka ikapotea karibu kila mahali. Neno lililoiponza ni hilo "karibu". Vibaki vidogo viliachwa magharibi na mashariki ya bara, serikali zikaona kazi imekwisha, na miaka ya mwanzo ya 1980 ugonjwa ulirudi na kuua ng'ombe kwa wingi wa kutisha.

Mara ya pili walibadilisha silaha. Ilitengenezwa chanjo iliyoweza kukaa karibu mwezi mmoja bila friji, wakafundishwa wafugaji wenyewe kuichoma, na watu wa Karamoja, wa Sudan Kusini na Waafar wa Ethiopia waliwafikia ng'ombe ambao gari la daktari lisingewafikia kamwe. Kisha ukaja uamuzi uliohitaji moyo: kuacha kuchanja. Maana ng'ombe aliyechanjwa na ng'ombe aliyeugua wote wana kinga katika damu, na kama wote wamechanjwa huwezi kujua virusi vipo au vimekwisha. Ulikuwa uamuzi wa hatari. Huko Kenya na kaskazini ya Tanzania katika miaka ya 1990 virusi vilivyobaki vilikuwa vipole kwa ng'ombe kiasi cha kupita bila kuonekana, wakati Tsavo nyati na tandala walikuwa wanakufa. Iliwabidi wasome vifo vya nyati ili wajue hali ya ng'ombe. Mara ya mwisho virusi kuonekana popote ilikuwa 2001, kwa nyati wa Hifadhi ya Meru, na mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kwamba sotoka haipo tena.

Sasa malaria, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Zanzibar ilikuwa miongoni mwa sehemu chache za Afrika kusini mwa Sahara zilizoingizwa kwenye mpango wa dunia wa kutokomeza malaria. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 nyumba zilipuliziwa DDT, na kazi ikaendelea hata baada ya Mapinduzi ya 1964. Kufikia 1968 ugonjwa ambao kabla yake ulikuwa kwenye damu ya zaidi ya nusu ya waliopimwa ulikuwa umeshuka hadi kiasi cha asilimia 5 au chini yake. Mwaka huohuo upuliziaji ulisimamishwa. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lenyewe lilikiri kwamba kutokomeza malaria duniani hakuwezekani kwa wakati ule, likarudi kwenye kudhibiti. Miaka ya mwanzo ya 1970 malaria Zanzibar ilikuwa imesharudi palepale. Jaribio la pili, miaka ya 1980, lilikuta mbu waliokwishaizoea DDT.

La tatu ndilo tunaloishi nalo. Mwaka 2003 klorokwini, ambayo vimelea vilikuwa vimeizoea, iliachwa na dawa mseto ikaanza. Vikafuata vyandarua vyenye dawa na upuliziaji wa dawa ukoko majumbani. Kufikia 2008 kiwango cha maambukizi kilikuwa chini ya asilimia moja. Wauguzi waliokuwa wakilaza watoto wawili kitanda kimoja wanazungumzia miaka hiyo kama watu waliotoka vitani, nami nawaamini. Nina jamaa alizikwa utotoni kwa homa ya degedege; watoto wa nduguze hawajui neno hilo lilivyokuwa likitisha.

Lakini asilimia moja si sifuri, na tangu 2008 sifuri haijafikiwa. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, baada ya mvua kubwa za vuli, wagonjwa waliongezeka kwa ghafla. Wengi walikuwa watu wazima. Hilo linawashangaza watu, na lisingepaswa. Binadamu anayeumwa malaria mara kwa mara hujijengea kinga fulani, asiyeumwa hana. Kijana wa miaka 20 aliyekulia Unguja hana uzoefu wowote wa vimelea hivi mwilini mwake. Kila mwaka wa mafanikio unaongeza idadi ya watu walio wazi kama watoto wachanga. Kwa hiyo mtu anayesema tumepunguza kwa asilimia 90, tupumzike kidogo, hajui anachopendekeza. Hali ya kubaki nusu njia ina hatari ambayo haikuwepo mwanzoni.

Bahari iliyotulinda na mbung'o haitulindi na malaria. Kimelea kinapanda boti kikiwa ndani ya damu ya msafiri asiyejihisi mgonjwa, na kinashuka bandarini Malindi, mjini Unguja, huku msafiri huyo akiwa amebeba begi lake tu. Sehemu kubwa ya wagonjwa wanaofuatiliwa Zanzibar hukutwa wametoka safari ya bara karibuni. Ni wafanyakazi wa ujenzi wa mahoteli, wavuvi wa dago (kambi ya muda ya uvuvi), wafanyabiashara, wanafunzi, watu waliokwenda msibani. Hakuna mwenye akili atakayetaka kuwafungia watu hao, wala ndugu wa bara si wa kulaumiwa. Damu zetu zimechanganyika na safari hizi ni za karne nyingi. Isitoshe mbu amebadilika. Chandarua na dawa ya ukutani vilitengenezwa kwa mbu anayeuma usiku ndani ya nyumba. Mbu anayetawala sasa huuma pia nje, jioni, watu wakiwa barazani au ufukweni wakisubiri maji kupwa.

Ndiyo kusema silaha ya kuanzia imefika mwisho wa uwezo wake. Silaha ya kumalizia tunayo, na kwa kweli Zanzibar imekuwa mbele ya nchi nyingi katika hilo. Taarifa ya kila mgonjwa anayethibitika kituoni hutumwa kwa simu kwa afisa wa ufuatiliaji wa wilaya. Afisa anapanda pikipiki, anafika nyumbani kwa mgonjwa, anapima wote waliomo kwa kipimo cha haraka, anauliza nani alisafiri, anatibu waliokutwa na vimelea. Ni ndui tena: acha kuhesabu vyandarua, mtafute mgonjwa na walio karibu naye. Hii ndiyo njia inayozidi kuwa kali kadiri wagonjwa wanavyopungua, kwa kuwa afisa mwenye wagonjwa watatu kwa wiki anaweza kuwafikia wote ndani ya siku mbili, na mwenye mia hawezi. Wagonjwa wakifurika, kama mwaka ule, ufuatiliaji ndio wa kwanza kuzidiwa.

Ugumu ni kwamba silaha hii haipigiki picha. Chandarua kinapigiwa picha. Meli ya dawa inapokewa kwa hotuba. Lakini afisa wa ufuatiliaji anahitaji mshahara, petroli, tairi, salio la simu na vipimo visivyokatika, mwezi baada ya mwezi, miaka kwa miaka, na wafadhili wengi hupenda kutoa vitu kuliko kulipa watu. Msaada wa Marekani kwa awamu hii ya vita vya malaria ulianza 2006 na ulibeba sehemu kubwa ya kazi hii, jambo la kushukuriwa. Ila Januari 2025 serikali mpya ya huko iliposimamisha misaada ya nje, tuliona kwa siku chache tu jinsi kazi ya miaka 19 inavyoweza kuning'inia kwenye saini ya mtu asiyejua shehia zetu. Mwaka 1968 nao kazi ilisimama kabla ya kumalizika.

Lugha nayo ina sehemu yake katika lawama. Kwenye majukwaa yetu kila kitu "kinatokomezwa": malaria, kipindupindu, ziro za mitihani, kunguru. Neno limechakaa. Kudhibiti ni kushusha adui kwenye kiwango unachoweza kuishi nacho, na gharama yake haina mwisho. Kutokomeza ni kumwondoa kabisa katika eneo lako, na gharama yake ina mwisho, ila inapanda kabla ya kushuka. Bajeti ya mambo haya mawili haifanani hata kidogo. Ukisema la pili huku umetenga fedha za la kwanza, umejiandalia marejeo.

Kuna maadui wa kudhibitiwa, na hakuna aibu kulikiri. Gugu maji la Ziwa Victoria ni mmoja wao. Mbegu zake hukaa kwenye tope miaka mingi, mto unalileta upya, na mbolea inayotiririka ziwani inalinenepesha. Wadudu waliopelekwa kulila miaka ya 1990 hawajalimaliza wala hawatalimaliza. Wanapanda nalo na kushuka nalo. Kwa Kisumu huo ni msaada halisi ilimradi asiahidiwe mtu ziwa jeupe.

Kunguru, kwa maoni yangu, nao ni wa kudhibitiwa mpaka mambo mawili yafanyike. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja kwenye pwani yake. Nawaelewa; anayeona ndege wa asili wakinyang'anywa viota kila msimu hawezi kukaa kimya. Lakini Mombasa peke yake, kama Dar es Salaam peke yake, kama Unguja peke yake, ni nguvu ya soda. Pwani nzima ingepaswa kuanza msimu mmoja, na bandari zikaguliwe kwa miaka baada ya hapo. Jambo la pili ni taka. Ndege huyu aliletwa kwa ajili ya taka na anaishi kwa taka zetu. Jaa likiwa wazi, kila kunguru uliyemuua ameacha sahani ya kunguru mwingine. Manispaa inayotaka fedha za sumu ionyeshe kwanza mapipa yenye vifuniko na gari la taka linalopita kila siku.

Malaria siko tayari kuiweka kwenye fungu hilo. Zanzibar inaweza kuimaliza, na inadaiwa kuimaliza, kwa sababu ya wale walio wazi tuliowalea bila kinga. Ninachotaka kuona kwenye bajeti ya Baraza la Wawakilishi ni fungu la mishahara na mafuta ya maafisa wa ufuatiliaji linalotokana na kodi zetu wenyewe, na liongezwe wagonjwa wanapopungua. Nataka pia wasafiri bandarini na wavuvi madagoni wapimwe kwa ukawaida, kwa lugha ya heshima, na dawa itolewe hapohapo.

Ali Maow Maalin, yule mpishi wa Merka, alipona. Miaka mingi baadaye alijitolea kwenye chanjo ya polio nchini kwake, akiwaambia wazazi waoga kwamba yeye aliwahi kuogopa sindano na kilichompata kikamfundisha. Julai 2013, akiwa katikati ya kampeni baada ya polio kurudi Somalia, alishikwa na homa akafa. Ilikuwa malaria.

Wiki hii pia, mahali fulani kusini ya Unguja au Pemba, afisa mmoja atapanda pikipiki kufuata taarifa ya mgonjwa mmoja. Atafika dago, atawapima wavuvi kumi au kumi na wawili wenye haraka ya kwenda baharini, na wote atawakuta hawana kitu. Ataandika sifuri kwenye simu yake. Kesho atahitaji petroli nyingine.